Niko Hai: Tangazo la Mwisho Lenye Sahihi Yake

Ndugu waombolezaji, haya yameandikwa na mume wa marehemu ili niyasome mimi, kaka wa marehemu, kwa niaba ya familia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1998 akahitimu chuo kikuu, alikokutana na mumewe kwa kubishana naye juu ya hesabu moja ya namba tasa, ubishi ambao haukuwahi kuisha. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 2000, wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa ambaye ni mfamasia, na mdogo wake, kitinda mimba wao.

Alifanya kazi kitengo cha habari cha mamlaka ya maji. Mwaka 2016 tangazo la uongo lilienea mtandaoni, lenye nembo ya mamlaka, likisema maji yametiwa sumu, watu wakamwaga matangi, hata wodi ya wazazi ikakauka, ndipo akaanzisha sahihi ya kidijitali kwa kila tangazo, yeye akitunza ufunguo wa siri, na wananchi wakipewa ufunguo wa wazi, wa kuhakiki kwa simu kwamba maneno yametoka kwake na hayakuguswa hata nukta. Alitufundisha wote, mpaka kwenye vikao vya harusi, kwamba lisilo na sahihi ni porojo.

Alianza kuugua figo Januari 2023, akalazwa tarehe 3 Machi 2024, na mwezi huohuo mtu asiyejulikana akasambaza kwamba amefariki, watu wakajaa nyumbani wakilia, naye kitandani akaomba kompyuta yake, akatoa tangazo lenye sahihi: "Niko hai, nakunywa chai, chai yenyewe haina sukari, acheni kulia."

Alifariki kweli tarehe 21 Juni, mumewe akiwa amemshika mkono. Mumewe alipotangaza, hakuna aliyeamini, mdogo wa marehemu akamwambia, "Shemeji, utani mwingine haufai," na shangazi akauliza, "Mwanangu, sahihi iko wapi? Si mkeo ndiye alitufundisha?" Wengine walitaka atie sahihi kwa niaba ya mkewe, lakini nywila ya ule ufunguo wa siri hakupewa mtu yeyote, na hata angeijua asingeitumia. Viti vya kukodi vilikaa vitupu uani, mpaka shangazi alipoingia mwenyewe chumba cha maiti, akatoka ameshika kichwa, ndipo mkaanza kuja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopika, na wenzake wa kazini, ambao bado wanaomba radhi kwa kutoamini, ingawa hawana kosa.

Mumewe ni mwalimu wa hisabati, anajua vizuri kwamba sahihi huthibitisha nani alisema, haithibitishi kwamba bado ni kweli, hata hivyo asubuhi hii, kabla ya kuvaa viatu, alilihakiki tena lile tangazo la Machi, simu ikamjibu kwamba ni halali, limetoka kwake, halijabadilishwa neno, na mpaka sasa hajui alipokee vipi jibu hilo.

Lala kwa amani, mama watoto, sisi tutaamini polepole.