Mwanangu Alizikwa Bila Sala

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Wazee wangu, shikamooni. Nimeitwa hapa mbele nitoe shukrani, nami nitazitoa. Lakini nitasema na hasira pia, maana Mungu aliyeniokoa hakuninyang'anya ulimi.

Mimi ni Nyamizi, mke wa Ngasa mrina asali. Hapa Tabora mnanijua kwa mihogo ninayouza sokoni. Zamani tuliishi porini, upande wa Usinge. Malale yalipozidi kutumaliza, Bwana Shauri, mzungu wa serikali aliyetawala wilaya, aliamuru tuhame, tukae wote katika kijiji kimoja kilichofyekwa miti, mbung'o wanaoyaleta wasitufikie. Tukahama na vyungu vyetu na kuku wetu, tukajenga na kanisa la udongo.

Mwalimu wa kanisa alikuwa mmoja tu, Mwalimu Yakobo. Yeye ndiye aliyesoma Neno, ndiye aliyeomba, ndiye aliyezika. Vijana waliojua kusoma walikuwepo, tena hodari! Kazi yao ilikuwa kufagia kanisa na kumchotea maji. Mtu akithubutu kuomba kwa sauti mbele ya watu, wazee wa kanisa walimkatiza: "Nani amekuwekea mikono kwa kazi hii?"

Ndugu zangu, mwanangu wa kwanza, Maganga, alikufa kwa homa wakati wa masika. Mwalimu alikuwa amekwenda Sikonge kwa baiskeli, kwenye mkutano wa misheni. Tulimngoja. Njia ilikuwa matope matupu, hakurudi. Na maiti haingoji! Mume wangu akasema ataomba yeye, baba wa mtoto. Wazee wakamkataza. Wakamfukia mwanangu kimya, kama watu wanaofukia mbuzi aliyekufa kwa ugonjwa. Nilisikia majembe tu.

Tangu siku hiyo sikukanyaga kanisani. Nikisikia wenzangu wanaimba, naziba masikio. Chakula hakipiti. Mume wangu akisema neno, namrukia. Nilikuwa nimefungwa, ndugu zangu, wala si kwa kamba!

Mama mkwe wangu akaniona ninavyokauka. Akaniambia, "Mama Maganga, mizimu yetu haina safari za Sikonge. Ukiiita, ipo."

Asubuhi moja nilitia unga wa mtama katika kibuyu, nikamfuata kwenda kutambika.

Hatukufika. Njiani tulipita nyumba ya jirani yetu Kabula, tukasikia kilio. Mtoto wake mchanga amekufa. Kaburi limekwisha chimbwa, wazee wamesimama wamekunja mikono, na Mwalimu hayupo tena, amesafiri! Kabula aliponiona alikuja akanishika nguo. "Dada Nyamizi, wewe unayajua haya. Usiniachie mwanangu azikwe kimya."

Nikaweka kibuyu chini. Mzee mmoja akaanza, "Nani amekuwekea..." Sikumngoja amalize. Nikafungua mdomo, nikaomba! Nilimwombea mtoto wa Kabula, na humohumo nikamwombea Maganga wangu, nikataja jina lake mbele ya watu wote. Wanawake wakaitikia. Halafu vijana. Mume wangu akalia kwa sauti. Nami nikasikia ile chuki iliyokuwa imenikaba ikinitoka palepale kaburini! Aliyenifungua ni Yesu, wala sikwenda tena kutambika. Jina lake lihimidiwe!

Chuki ilitoka. Hasira niliachiwa, naamini kwa kazi maalumu.

Mwalimu aliporudi, niliitwa kanisani kuhukumiwa. Akaniuliza, "Nyamizi, nani amekutuma?"

Nikamwambia, "Mwalimu, babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kwa njia hii ya misafara mpaka pwani. Aliyechoka, mwenzake alimpokea mzigo. Wewe unataka kufa na mzigo wako njiani? Kwa nini hukumfundisha mtu?"

"Wazungu wa misheni hawakunipa ruhusa."

"Uliwahi kuiomba?"

Akafunga Biblia yake, akasema, "Sikuiomba. Niliogopa. Nikiwafundisha wengine, mimi nitabaki na nini?"

Namheshimu kwa neno lile, kwa kuwa hakulificha. Jumapili iliyofuata aliwaita vijana wa kwanza, wavulana kwa wasichana, akaanza kuwafundisha kusoma Neno mbele ya watu, kuombea wagonjwa, na kuzika. Malale yalipomlaza mwenyewe, ni wao waliomwombea kitandani, na ni wao waliomzika. Kwa sala! Kwa nyimbo! Mpaka leo kanisa lile linasimama.

Sasa nawauliza ninyi wa Tabora, mlio na kanisa la mabati na kengele. Vijana wenu wanafanya nini? Nimewaona. Wanapanga viti! Wanapangusa vumbi! Mnasema bado wachanga. Watakomaa lini, nanyi hamjawapa kazi ya kuwakomaza? Mnamwogopa nani? Mungu aliyewaamini ninyi na ujinga wenu wa ujana ameshindwa kuwaamini hawa?

Namshukuru Mungu aliyenifungua. Nawe uliyefungwa na uchungu wako, mwite leo, wala usingoje mtu arudi kutoka safari. Anasikia.

Mimi nimemaliza. Sala ya kufunga sitaomba mimi, wala mzee yeyote hapa mbele. Binti uliyetupangia viti leo, uliyekaa karibu na mlango, ndiyo, wewe, simama utuombee. Wazee, tuinamishe vichwa.