Mstari wa Sabini na Nne wa Jephté Kalenga

«Futa ile mustari, Jephté. Futa leo, mbele ya jua kushuka.»

«Mujomba, siwezi. Moshi iko pale, kila muntu anaiona.»

«Nani alikusomesha? Haiko ile moshi njo ilikusomesha?»

«Njo ile, mujomba.»

«Na unaitika tena! Haina haya uyu mutoto!»

Hivyo ndivyo walivyogombana marehemu Jephté na Donat, kaka wa mama yake, mbele ya karakana ya Donat ya kuyeyusha batri kuukuu, kule Bel-Air, siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe 7 Juni 2025. Kambo Constance, bibi yake Jephté na mama yake Donat, alikuwa amesimama katikati yao na sinia ya unga wa bukari, ugali wetu, na unga wote ukamwagika chini, maana wanaogombana hawaoni chakula. Donat alifunga mlango wa bati, akasema akiwa nyuma yake: «Siku utakufa, utafute mwengine wa kukutupia udongo wa kwanza.» Na katika familia hii udongo wa kwanza ni wa mjomba. Mjomba akikosekana, sanduku la maiti linangoja.

Jephté Kalenga alizaliwa siku ya ine, Alhamisi, tarehe 14 Machi 1991, Bel-Air, katika komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, mtoto wa pekee wa Léonard, mfanyakazi wa reli aliyetoka Kabalo, na Chilufya. Karatasi ya hospitali inasema alikuwa na kilo tatu. Kambo yake, aliyekuwapo kwa macho yake, anasema zilikuwa kilo sita na nusu, na mzani uliinamisha kichwa kwa haya. Mtoto hakulia. Alianza kwa kupiga chafya, mara saba, na kuku wa jirani wakakimbia mpaka Ruashi. Wengine hawajarudi mpaka leo. Anayebisha aende Ruashi akaulize kuku.

Baba yake alifariki mwaka 1999, na Donat akamchukua kama mtoto wake wa tumbo. Jephté alisoma primeri palepale Kampemba toka 1997 mpaka 2003, akapata diploma ya segonderi mwaka 2009 katika kemia ya viwanda, na mwaka 2013 akamaliza miaka yake mitatu ya chuo kikuu. Toka 1999 masomo hayo yote yalitoka ndani ya tanuru ya Donat, na hapa hatulifichi neno hilo. Wakati wa likizo marehemu mwenyewe alikuwa anapasua batri kwa shoka, anarudi nyumbani na midomo myeusi, mpaka kambo yake anamuuliza: «Bwana yangu, unakula makaa peke yako, miye hunibakishie?» Alimwita bwana kwa sababu mjukuu wa kiume ni mume wa kambo yake. Bwana huyo hakumletea hata kitenge kimoja katika ndoa yao yote.

Mwezi wa pili wa mwaka 2022 aliajiriwa katika kazi ya kuandika kila pahali panapotoa moshi wa viwanda katika mji wa Lubumbashi: tanuru, mashine za kusaga mawe, wachoma matofali, wayeyushaji wa shaba na wa batri. Hakuwa mtu wa kukaa. Mguu wake ulikuwa unatikisika hata kanisani, na Padri alishazoea. Alitembea komini zote saba, kisha barabara ya Kasumbalesa mpaka pale malori yanaposimama, na viatu vinane vilimfia njiani. Kambo yake anasema vilikuwa kumi na vinane, na kimoja kilirudi nyumbani chenyewe.

Wakubwa wa kazi walimpa karatasi ya maswali kwa wenye viwanda. Wenye viwanda wote walijibu kwamba kwao moshi haiko. Basi Jephté aliacha milango mikubwa, akaenda kwa wamama wanaofua. Aliwauliza swali moja tu: «Mama, saa ngapi unaanua nguo?» Mama anayefua anajua moshi unafika saa ngapi, unatoka upande gani, na kama unaacha vumbi jeusi au jekundu. Akishajibiwa, anafuata upepo kwa mguu mpaka anafika kwenye moto wenyewe, anachungulia wanachochoma, ndipo anaandika mstari mmoja katika kaye, daftari lake. Mistari mia mbili na kumi na miwili aliiandika hivyo.

Ndivyo alivyopata na mke. Kule Makomeno aliomba kuona shuka za binti wa mfanyabiashara wa Butembo, na binti, Dorcelle, akamjibu: «Shuka zangu? Weye ni mwizi ao ni mugonjwa?» Walifunga ndoa siku ya posho, tarehe 19 Agosti 2023. Donat aliwayeyushia sufuria ya bukari kwa mikono yake, pana hivi kwamba Mapalo, mtoto wao, alikuwa anaogeshwa ndani yake.

Lakini katika kaye yake, baada ya sabini na tatu ilifuata sabini na tano. Katikati mstari ulikaa mweupe miezi nane. Usingizi ulimkimbia, alikuwa anazunguka uwanja wa nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kambo akamuuliza ule mstari unamngoja nani. Asubuhi ya tarehe 7 Juni aliujaza, na kabla hajauonyesha kwa mtu mwingine aliupeleka kwa mjomba wake, ausome wa kwanza. Huko ndiko tulikoanzia.

Aliirudisha kazi yote kwa wakubwa wa kazi tarehe 30 Septemba 2025. Mwezi wa kumi kifua kikaanza. Daktari alisema mapafu yamechoka, hakusema yamechoshwa na nini, na sisi hatutamsemea. Alipelekwa hospitali mara tatu. Hata kitandani alikuwa anauliza upepo umegeukia wapi. Alifariki siku ya tano, Ijumaa, tarehe 9 Januari 2026, akiwa na miaka thelathini na minne, mkono wake ndani ya mkono wa Dorcelle.

Tangu siku hiyo familia ilituma watu kwa Donat mara tatu, aje atupe udongo, na wakamwambia kwamba kaburini tutasoma kutoka kaye ya marehemu. Jibu likawa moja: «Ile mustari isisomwe, nitakuya.» Wakubwa wa familia wakasema, basi irukwe, tumzike mtoto. Kambo Constance akakataa. «Miye niliongopa mingi juu ya uyu mutoto, na nitaongopa tena,» alisema. «Lakini yeye hakuandika uongo hata moja. Mukiondoa ile, tutazika nani?»

Kwa hiyo mstari unasomwa. Namba sabini na nne: Karakana ya Donat, Bel-Air. Inayeyusha batri. Kuanzia saa kumi na moja ya asubuhi mpaka saa tatu. Haina shemine wala bomba, moshi unatokea mlangoni. Chini ya upepo, kule moshi unakoenda, kuna nyumba thelathini na nane. Moja ni ya mama yake. Mwenye karakana mwenyewe anakohoa.

Jephté ameacha mjane wake Dorcelle. Binti yake Mapalo, anayejua kutembea na hataki kukaa. Mama yake Chilufya. Kambo yake Constance, ambaye sasa ni mjane mara ya pili. Na mjomba wake Donat, aliyemlea. Sanduku liko hapa toka saa nne, na udongo uko hapa. Mungu Baba amupokee, amupe pa kulala vizuri, amupe na upepo wa—

Ngojeni. Nyamazeni kidogo, bamama. Mumupishe njia pale.

Ni Donat.