Sukari Haikushuka Mpaka Nilipolala

Wanakikundi wenzangu, wakulima wa zabibu wa Makutupora, Mungu aliyetufikisha leo ashukuriwe. Mtaniwia radhi, nitaongea nimekaa. Mguu huu hausimami muda mrefu siku hizi.

Nilipoambiwa nina kisukari, ile aina ya pili, sikubisha. Niliacha soda, nikaacha chai ya sukari. Ugali nikawa nakula kiasi cha ngumi, mlenda ndio mwingi. Vidonge nilimeza kila siku. Na kila nikirudi kliniki, sukari iko juu. Ndugu zangu, nawaambia, kuitwa mwongo wakati husemi uongo kunauma kuliko kidonda. Nesi ananitazama: "Baba, tuambie ukweli, unakula nini huko?" Mke wangu alifika mahali pa kuninusa mikono, kama ina harufu ya vitu vitamu. Na ninyi hapa msijifanye hamjui, mlikuwa mnasema, "Yule anazimaliza zabibu zake mwenyewe." Chekeni tu, lakini mimi nilikuwa nakufa.

Mguu ulianza na lengelenge la kiatu. Halikupona, likawa kidonda. Wakakata kidole kimoja, baadaye cha pili. Kisha jicho la kushoto likaingia ukungu, na ukungu ule haukuondoka. Nilikuwa nafika shambani nashika nguzo ya mzabibu, nalia peke yangu. Nilimwomba Mungu anichukue kabla sijawa mzigo kwa watoto. Na nilimaanisha.

Sasa, mnajua tunavyoishi. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu zikianza kuiva kila mwenye shamba anahamia kibandani na tochi yake. Baba zetu walituachia neno kwamba ukimwachia mwingine kulinda, umemkaribisha mezani. Basi usiku nalinda, asubuhi nafukuza ndege, mchana namwagilia. Hata baada ya mavuno usingizi haukurudi. Nikisinzia kidogo nashtuka, nadhani kuna mtu kwenye mistari. Miaka ikaenda hivyo, nami najisifu kwamba ni mchapakazi.

Siku moja kliniki nikakutana na daktari mgeni. Akatazama mguu, akatazama jicho, akauliza, "Mzee, unalala?"

Nikacheka. "Daktari, mlinzi wa zabibu alale?"

Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba mwili usiolala unaigomea insulini, na sukari inaweza kupanda hata kwa mtu anayekula vizuri. Ikikaa juu kwa miaka inaharibu mishipa, inaingia kwenye macho, figo, mpaka moyo. "Dawa endelea nazo," akasema, "lakini usingizi nao ni matibabu."

Nilitoka pale nimekata tamaa kuliko nilivyoingia. Nisipolala nakufa. Nikilala zabibu zinaibwa, na watoto watakula nini?

Nilimsimulia mke wangu. Jioni akajifunga khanga kiunoni, akachukua tochi na panga. Nikamkemea arudi, hiyo si kazi yake. Akanigeukia: "Zabibu zikiibwa tutapanda nyingine. Wewe nikupande wapi?"

Ndugu zangu, nililia mbele yake kama mtoto. Naye akaenda.

Majirani wa shamba walipomkuta kibandani peke yake waliona haya. Mmoja wao akasema, "Kulima tunaalikana. Kulinda kunatushinda nini?" Ndivyo zamu zilivyoanza pale kwetu. Mimi nikapewa kufukuza ndege mchana, usiku nikakatazwa kusogea.

Mwanzoni nilijilaza tu, masikio yako shambani. Usingizi ulikuja taratibu, na sukari nayo ikashuka taratibu. Dawa sijaacha, ugali bado ni ule wa ngumi. Kidonda kimefunga.

Namshukuru mke wangu, aliyekaa pale nyuma akijifanya hanisikii. Nawashukuru ninyi mnaokesha ili mimi nilale. Sina cha kuwalipa. Namshukuru daktari yule aliyeuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza. Neno langu ni moja: ukiona mwenzako sukari haishuki, usikimbilie kumnusa mikono. Muulize kama analala, na kama halali, muulize nani anaweza kumshikia zamu.

Jicho la kushoto halitarudi, nimeambiwa wazi. Hili la kulia linawaona nyote mmekaa hapo. Nisaidieni niendelee kuwaona.