Mama Yuasomewa

Asalaam aleikum, na wenzangu wa kanisani mliokaa upande wa dirishani, habari zenu tangu mkutano uliopita wa sisi tuliougua? Mwenyekiti ameniambia nisimame, nami nimesimama, lakini mniwie radhi nikishika mgongo wa kiti. Majina sitataja, ya watu wala ya hospitali. Na anayengoja nilie asijichoshe. Kulia nililia nyumbani kwangu, tena sana, na sasa nimebaki na habari tu za kuwaeleza.

Mimi ni muuza kanga. Duka si langu, ni la tajiri wangu pale Biashara Street, lakini nimesimama nyuma ya meza ile tangu binti yangu hajaota meno, na leo binti yangu ana wanawe. Nyumbani ni Mji wa Kale, orofa ya juu, mimi na mume wangu. Alikuwa karani bandarini, sasa amestaafu. Ndiye yule pale nyuma mwenye kofia, anayejifanya hanisikii.

Ndugu zangu, kabla ya maradhi lazima niwaeleze habari ya daftari, la sivyo hamtanielewa. Nyumba yetu ni ya watu wa vitabu. Si kwamba tumesoma sana, maana mimi shule niliacha mapema nikaolewa, lakini hadithi tunazipenda. Tulipokuwa vijana tulinunua vitabu vikuukuu Mwembe Tayari, kwa wale wanaovitandaza juu ya gunia karibu na mabasi ya bara. Siku moja nikarudi na kitabu nimekikumbatia, kumbe mume wangu alikwishakinunua, akakisoma, akakiweka chini ya mto wake. Haukupita muda, yeye naye akaleta kile nilichokuwa nimekimaliza mimi. Tukagombana juu ya nani hamwambii mwenzake anachosoma. Ndipo nilipotafuta daftari kubwa nikapiga mistari: jina la kitabu, nani amekisoma, na neno lake juu ya kitabu hicho. Anayesoma lazima aandike neno. Sheria hiyo niliiweka mimi.

Binti yangu alipojua kuandika akaingia naye. Kuna mahali ameandika, "Kizuri lakini mbwa anakufa, msinipe tena vya mbwa." Mimi huandika mpaka nafasi inaniishia, nikamalizia pembeni. Mume wangu, tangu ukurasa wa kwanza, ana neno moja: Kinafaa. Kitabu cha mapenzi, kinafaa. Kitabu cha wachawi, kinafaa. Kitabu cha kufuga kuku, na sisi tunakaa orofani hatuna hata ua, kinafaa. Nimemtania kwa neno hilo miaka yote ya ndoa yetu, na hajali. Binti alipoolewa mtaa wa Tudor daftari halikukoma. Akija huchukua kitabu, akikirudisha huandika neno lake, kisha tunakaa tukibishana juu ya watu wa kitabuni mpaka chai inapoa.

Sasa maradhi. Mnajua kanga hainunuliwi kwa rangi peke yake. Mteja lazima aulize, "Yasemaje hii?" maana maneno yake huenda ndiyo anayotaka wifi yake ayaone. Asubuhi hiyo mteja alinionyesha moja ya manjano juu kwenye rafu. Nikaiteremsha, nikaikunjua.

"Yasemaje hii?"

Nikatazama pale chini penye maandishi. Wino niliuona. Herufi sikuziona. Ilikuwa mistari na vijiduara tu, kama mtu aliyejaribu kalamu. Nikamwambia, "Hii imeharibika kiwandani, mama. Ngoja nikupe nyingine." Nikakunjua ya pili, nayo imeharibika. Ya tatu vile vile. Nikaanza kuwalaumu watu wa kiwanda kwa sauti, na yule mama akawa hatazami kanga tena, ananitazama mimi.

"Bibi," akasema, "mbona haya maandishi ni mazima?"

Nikainua macho kwenye kibao cha duka la ng'ambo, ninachokiona kila siku ya Mungu. Nacho kilikuwa kimeharibika kiwandani.

Wengine hapa mmepigwa mkono, wengine mguu, wengine ulimi. Daktari alinieleza kwamba mimi kiharusi kimenipiga mahali pa kusomea. Macho yanaona, mkono unafanya kazi, akili ipo, ila kusoma hakuna. Akanipa kalamu niandike jina langu. Nikaliandika bila taabu, nikafurahi, nikadhani nimepona. Akanigeuzia karatasi akaniambia, "Soma ulichoandika." Sikuweza. Jina langu mwenyewe, wino haujakauka, nami sikulijua. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Akanifunza dawa yake: nifuate herufi kwa kidole, moja moja, mpaka kidole kijue kile ambacho jicho limesahau. Nikamwitikia kwa adabu. Rohoni nikasema huu ni mchezo wa watoto wa chuoni wanaoanza Kurani, na mimi ni bibi wa watu.

Nilirudi nyumbani nikawa mtu mbaya. Dukani sikwenda. Majirani nikawaambia ni presha tu. Mume wangu nikamwambia alipandishe daftari juu ya kabati nisilione, na asisome kitabu mbele yangu. Maskini, akatii. Alikuwa akisoma chooni. Nyumba ikawa kimya, maana kumbe maongezi yetu mengi yalikuwa yakitoka vitabuni, na vitabu vilipoondoka hatukuwa na la kuambiana isipokuwa chumvi na dawa. Nilichokiogopa si kukosa hadithi. Niliogopa kwamba binti yangu atakuja siku moja, atanywa chai, atauliza hali yangu, kisha ataondoka, na basi.

Alikuja alasiri moja kutoka Tudor na kitabu mkobani. "Mama, nikusomee?"

"Unisomee nini? Mimi ni maiti? Au waniona nina jini?"

Wenzangu wa bara mliopo, kwetu neno hilo ni zito. Mtu akisomewa, anasomewa dua: ni mahututi, au amepandwa na shetani, au amekufa, na watu wamekaa kitako wakiomba. Mtu mzima wa afya hasomewi. Nikamfukuza binti yangu kwa ajili ya neno.

Kesho yake akaja tena. Akakaa, akafungua kitabu, akasema, "Basi mimi najisomea mwenyewe. Ila nikisoma kimya nasinzia." Akasoma kwa sauti. Sikumfukuza. Nilimwambia tu afunge mlango na dirisha, mtu asitusikie. Ikawa ndiyo desturi yetu: akija, mlango unafungwa, na sauti inaanza.

Ndugu zangu, nyumba za Mji wa Kale zina masikio. Jirani yangu wa orofa ya chini, mwanamke aliyenizidi umri, akawa kila alasiri anasikia sauti ya kusoma juu ya kichwa chake, na mlango umefungwa. Akamshika binti yangu ngazini. "Mama yako ana nini?" Binti yangu alikuwa ameahidi kutosema. Lakini kudanganya hakujua, akajibu kwa haraka, "Mama yuasomewa."

Akashuka akenda zake, hakufikiri alichokisema.

Siku ya pili yake tumefika pazuri. Katika kitabu kulikuwa na harusi, na bwana harusi ameona mambo si mambo, yumo katika kupanda dirisha akimbie. Mlango ukasukumwa. Akaingia jirani wa chini, na nyuma yake kina mama wa mtaa, buibui tupu, mmoja na chetezo cha udi, mmoja na marashi, mmoja na bakuli la kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa mgonjwa anywe. Wamevua viatu, wameinamisha vichwa. Wakakaa kitako. Na binti yangu, kwa mshangao, mdomo ulikuwa unaendelea wenyewe: "bwana harusi akatupa kilemba chini, akaruka..."

Jirani akainua kichwa. "Mwanangu, hii ni dua gani yenye bwana harusi?"

Nilicheka. Tangu kiharusi sikuwa nimecheka, na nikacheka mpaka wao wakaamini kweli ni jini. Udi unafuka, mimi nacheka, binti yangu anaapa kwamba hakuna shetani. Nilipotulia nikaona nyuso zile zote zinanitazama kwa huruma, na kombe mkononi, nami sikuwa tena na pa kujificha. Nikasema, "Jamani, sina jini. Siwezi kusoma. Kiharusi kimenichukulia kusoma." Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka mbele ya mtu asiye daktari wala wa nyumbani kwangu. Nikalia, hilo nakiri, na wao wakalia.

Kisha yule jirani akajifuta uso kwa buibui, akamgeukia binti yangu. "Pole ni pole. Lakini huyo bwana harusi aliruka akenda wapi?"

Wakakaa mpaka magharibi. Kombe nalo nililinywa, sikutaka kuacha dawa yoyote. Na siku iliyofuata wakaja tena, mara hii na kahawa na kashata, na mlango tukauacha wazi.

Tulipokimaliza kitabu, jirani akauliza, "Sasa hiki mwakiandika wapi?" Binti yangu alikuwa amewahadithia habari ya daftari. Mume wangu akaliteremsha, akapangusa vumbi, akaniwekea mapajani. Sikuligusa tangu niugue. Nikalifungua, na kurasa zilikuwa vile vile, mistari na vijiduara. Lakini kitu kimoja nilikiona. Kila nilipotazama, katika kila ukurasa, mchoro fulani ulirudi, ule ule, kwa mkono ule ule, mwisho wake una viduara viwili vimekaa pamoja. Nikamuuliza mume wangu, "Baba, hii si Kinafaa yako?"

Akasema, "Ndiyo."

Nikaweka kidole. Nikaufuata mchoro kama mtoto wa chuoni anavyofuata herufi kwa kijiti chake, k, i, n, na wale kina mama wakaniitikia. Nikalipata. Nikaenda mstari wa chini, nikalipata tena. Neno nililolicheka maisha yangu yote lilikuwa limeandikwa mara nyingi kupita neno lolote nyumbani kwangu, na ndilo nililojifunzia kusoma. Kutoka kwa a yake nikaijua a katika maneno mengine, kisha n, kisha f. Daktari nilipomweleza akasema hicho ndicho alichoniambia tangu mwanzo. Nikamwomba radhi.

Sijapona kabisa, nisiwadanganye. Nasoma kwa kidole, polepole, na jioni herufi huanza kunitoroka. Dukani nimerudi, nusu siku. Mteja akiniuliza yasemaje, napitisha kidole juu ya kitambaa. Wengine husubiri, wengine huenda duka la pili, na sote tunaishi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari kwa subira yake, na tajiri wangu aliyeniwekea nafasi. Nawashukuru kina mama wa mtaa, ambao mpaka leo alasiri zao ziko kwangu, na sasa kila mmoja ana mstari wake daftarini. Namshukuru binti yangu kwa ulimi wake usioweza kudanganya. Na kama nina la kuwaachia, ni hili: kile maradhi yalichokuchukulia, kitaje mbele ya majirani zako. Mimi nilikificha, na kule kuficha kulinichosha kuliko kiharusi. Na ukiulizwa kama usomewe, kubali.

Nimalizie na mume wangu. Kitabu cha kwanza nilichokisoma mwenyewe, tangu jalada mpaka jalada, kilikuwa kile cha kufuga kuku, maana herufi zake ni kubwa na sentensi ni fupi. Nilimsomea yeye kwa sauti, alasiri kwa alasiri, na ikiwa kuna mwanamume wa Mji wa Kale anayejua sasa maradhi yote ya kuku, ni huyo. Nilipomaliza nikampa daftari aandike neno lake, nikaenda jikoni kwa sababu nilijua litakuwa lipi. Niliporudi hayupo. Nikaweka kidole, na halikuwa lile. Yalikuwa maneno mengi. Nikayafuata moja moja, nikapotea, nikaanza upya. Alikuwa ameandika: "Kitabu hakifai. Msomaji anafaa."

Nikamwita nimuulize kama nimesoma sawasawa. Akasimama mlangoni, akanitazama, akasema, "Soma tena."