Thobias Chilongani na Ombi la Mara ya Tatu

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa na wazazi wetu wote, shikamooni, na ninyi majirani wa Kibakwe pamoja na wageni mliotoka Dodoma, Mpwapwa, Busi na Karagwe, poleni na safari, poleni na msiba. Mimi naitwa Aneth Daudi, ndiye ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, nafundisha shule ya msingi kule Busi, na ukoo umenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu, kama ilivyosemwa jana kwenye kikao, mimi ndiye pekee ambaye bado sijalia. Ni kweli sijalia, naona turubai linafungwa, naona masufuria yanapita, nasikia watu wananiambia pole na mimi nawaitikia asante, lakini ni kama mambo haya yanafanyika kwa jirani, kwa hiyo nitasoma, na nikinyamaza kidogo mahali mnivumilie.

Marehemu Thobias Daudi Chilongani alizaliwa hapa Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, tarehe 14 Agosti 1986, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Daudi Chilongani, aliyeketi hapa mbele yetu, na marehemu mama yetu Paulina, akabatizwa katika kanisa hili tunalolitazama. Alianza darasa la kwanza mwaka 1994 na kumaliza la saba mwaka 2000, na walimu wake, ambao wawili ninawaona hapa, watakumbuka kwamba hakuwa mtoto wa kunyoosha mkono, alikuwa mtoto wa kufungua saa ya mwalimu na kuirudisha ikiwa inatembea. Mwaka 2001 alikwenda sekondari ya bweni mjini Mpwapwa, na akiwa kidato cha tatu, tarehe 2 Septemba 2003, mama akafariki, akaja akazika akarudi shule, na tangu hapo nyumbani kwetu hapakuwa tena na mtu wa kumfafanulia Thobias maneno ya baba, wala wa kumfafanulia baba maneno ya Thobias. Ninalisema hili mapema kwa sababu mengi yanayofuata yametoka hapo.

Alipomaliza kidato cha nne mwaka 2004, Mzee alimtafutia nafasi ya kusomea mifugo palepale Mpwapwa, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyelea ng'ombe maisha yake yote na kumpa kijana wake mtamba wa kuanzia akiwa na miaka kumi. Thobias alikaa mwaka mmoja na ushee, mwezi Novemba 2006 akaondoka bila kuaga, akaenda Dodoma mjini kujifunza kompyuta, akianza na cheti, kisha stashahada, na hatimaye shahada aliyoipata mwaka 2013, na kipindi chote hicho Mzee hakulitaja jina lake, akisema tu yule wa Dodoma. Sitaremba, sisi wote hapa tunamjua Mzee, ni mtu mwema na ni mgumu, na Thobias alikuwa mwanawe kwelikweli, maji hufuata mkondo.

Kuhusu kazi yake, tangu juzi mmekuwa mkiniuliza, wengine mkisema alikuwa fundi wa kompyuta, wengine fundi wa televisheni, basi nitaieleza kama alivyonieleza yeye mwenyewe tukila ugali na mlenda nyumbani kwake Area C, Dodoma, na Bi Hamida, ambaye walianzisha naye ofisi yao ndogo mwaka 2013, atanisahihisha kwa macho nikikosea. Ndani ya kompyuta, programu hairuhusiwi kujichorea tu kwenye kioo kama inavyotaka, kioo kina mwenyewe, nayo ni programu moja inayokimiliki, wao wanaiita seva ya kioo, na programu nyingine zote ni wateja wake, kwa hiyo mteja hubisha hodi kwanza, akajitambulisha, na akikaribishwa ndipo anaanza kutuma maombi, naomba dirisha la upana huu, naomba rangi hii, naomba herufi hii ikae pale. Wenzake wengi hutumia zana zilizokwisha kutengenezwa na wengine zinazowapelekea hayo maombi, lakini Thobias aliyaandika mwenyewe moja kwa moja, baiti kwa baiti, kama mtu anayeandika barua herufi moja moja, kwa sababu kompyuta zilizoko kwenye vituo vyetu vya afya ni chakavu na zana hizo ni nzito mno kwao, naye alitaka hata kompyuta iliyokwisha kutupwa stoo iweze kuonyesha namba ya mgonjwa anayefuata kwa herufi kubwa, ili bibi asiyeona vizuri asipitwe na zamu yake. Kazi hiyo ina adhabu yake, ukikosea urefu wa ombi moja tu, seva haielewi tena chochote kinachofuata, na Bi Hamida anasema marehemu aliwahi kukaa wiki nzima mbele ya kioo cheusi akitafuta kosa la namna hiyo, wala hakugombana na mtu.

Kuna jambo moja la kazi hiyo ambalo lazima niliseme vizuri. Thobias alisema maombi ni ya aina mbili, ombi la kuuliza hujibiwa, lakini ombi la kutenda halijibiwi, mteja anatuma na kuendelea na shughuli zake, na likikubaliwa hasikii kitu, kinachorudi ni kosa peke yake, kwa hiyo mteja anayesimama kungoja aambiwe sawa kila anapoomba jambo ni mteja asiyejua kazi. Aliishi hivyohivyo hata nje ya ofisi, ukimwandikia kwamba umesahau chaja hakujibu kitu, unakasirika, unamsema kwa ndugu, halafu kesho yake kondakta wa basi anakupigia simu uende ukachukue kifurushi chako stendi. Tulimtania sana kwa hilo, wifi yangu, mkewe, ndiye aliyemvumilia kuliko wote.

Mwaka 2014 marehemu alikutana na Generosa, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma kutoka Karagwe, na mwezi Aprili 2016 walipotaka kuoana, Thobias alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi, akamtuma baba yetu mdogo, Mzee Bartolomayo, aje hapa Kibakwe amwombee radhi kwa baba, na amwombe aende Karagwe kuongoza wazee kwenye posa. Baba mdogo alifika, akasema yote aliyotumwa, Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, akatoka akaenda zizini. Baba mdogo akarudi Dodoma na neno hilohilo, kwamba mzee amenyamaza, akadhani hilo linatosha bila maelezo, maana hapa kwetu kila aliyekulia barazani kwa wazee anajua kwamba ombi zito halijibiwi mara ya kwanza, ukinyamaziwa maana yake hujafukuzwa, nenda, upumzike, urudi, na ukinyamaziwa tena urudi tena, na mara ya tatu ndipo mwenye nyumba hufungua kinywa, kwa sababu anayeomba mara moja na kuondoka hakuwa na shida ya kweli.

Lakini Thobias alikwenda bweni kabla hajafikia umri wa kuketi barazani, na sheria ya kunyamaziwa aliyoijua ni ile ya kazini kwake. Alifurahi sana siku hiyo, Generosa anakumbuka, akapanga tarehe, akamtumia Mzee tiketi ya basi pamoja na koti jipya, wala hakumtuma mtu tena. Tarehe 18 Juni 2016 posa ikatolewa kule Karagwe, na kiti alichowekewa baba kikakaa kitupu mbele ya wakwe mpaka shughuli ikaisha, Thobias akaona baba amemkubalia halafu akamwaibisha ugenini, na baba, huku Kibakwe, akaona mtoto ameomba radhi mara moja kama anayeagiza soda, na kabla hajajibiwa akatuma tarehe. Ndoa ilifungwa tarehe 27 Agosti 2016 Dodoma mjini, nao wakabarikiwa watoto wawili, Ruthu aliyezaliwa mwaka 2017 na Joshua aliyezaliwa mwaka 2021, na Mzee hakuwa amewatia machoni watoto hawa mpaka Jumanne ya wiki hii.

Marehemu alianza kuugua mwezi Agosti 2024, akivimba miguu na kuchoka, vipimo vikaonyesha figo zote mbili zimeshindwa kazi, akawa anakwenda hospitali mjini Dodoma kusafishwa damu, na kati ya siku na siku aliendelea kufanya kazi akiwa amelala. Mwezi Januari mwaka huu nilikwenda kumwona, na katika mazungumzo akaniuliza kwa nini baba alikataa, nikamwambia baba hakukataa, baba alinyamaza, akasema ndiyo, alinyamaza, sasa mbona hakuja, na hapo ndipo mimi na yeye tukagundua, tukiwa watu wazima wenye watoto, kwamba kwa miaka karibu tisa kila mmoja wetu alidhani mwenzake analijua jambo ambalo hakulijua. Nilimweleza desturi. Akauliza kama ombi la kwanza bado linahesabika.

Nikamwambia linahesabika. Mwezi Machi baba mdogo akaja tena hapa, akiwa na sharti moja kutoka kwa Thobias, kwamba asiseme ugonjwa umefika wapi, kwa sababu hakutaka ombi lake libebwe na huruma, na Mzee akasikiliza, akanyamaza, akaenda zizini. Desturi inataka kupumzika, tena mvua zilikuwa bado zinanyesha na kazi shambani haijaisha, tukakubaliana mara ya tatu iwe baada ya mavuno. Tulifuata desturi. Nimejiuliza wiki nzima kama tulifanya vyema, na hata mkinipa jibu sasa hivi sidhani kama litaniingia.

Jumatatu iliyopita, tarehe 9 Juni 2025, baba mdogo alifika mara ya tatu, na anasema alikuwa hajavuta hata kigoda, Mzee akamuuliza basi la Dodoma linaondoka Mpwapwa saa ngapi. Koti alilovaa Mzee safarini lilikuwa lile alilotumiwa mwaka 2016, likiwa bado na mikunjo yake. Alifika hospitali Jumanne mchana, akawakuta wajukuu zake kwenye benchi wakamwamkia shikamoo babu, akaitikia, akaingia ndani, lakini Thobias alikuwa ameacha kuzungumza tangu alfajiri ya siku hiyo, amefumba macho, anapumua kwa mashine.

Mzee alisimama pembeni ya kitanda na kusema maneno ambayo ameniruhusu kuyasoma: "Thobias, ni mimi baba yako. Nakuomba urudi nyumbani." Akangoja. Akanigeukia mimi, lakini aliyemjibu ni Generosa, aliyekuwa anamfuta mumewe uso, ambaye alimwambia taratibu, "Baba, kwa kazi yake ombi likikubaliwa halijibiwi. Kinachojibiwa ni kosa." Mzee akakaa kwenye kiti, akasema ni sheria nzuri lakini yeye ataifuata na ya kwetu, akaja Jumatano akaomba tena maneno yaleyale, akanyamaziwa, akaja Alhamisi asubuhi akaomba mara ya tatu, na ndugu yetu Thobias akafariki dunia siku hiyohiyo, tarehe 12 Juni 2025, saa nne na nusu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba yake. Ndiyo maana tuko Kibakwe leo, wala hatukumzika Dodoma kama wengine walivyoshauri, aliombwa arudi nyumbani na amerudi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale wa chumba cha kusafisha damu waliomwita kwa jina lake kila alipoingia, tunawashukuru majirani wa Area C waliowalea watoto wifi alipokuwa hospitali, na majirani wa hapa Kibakwe mlioacha mavuno yenu barazani mkaja kuchimba kaburi, kuteka maji na kupika. Tunamshukuru Bi Hamida na wenzake wa ofisini, ambao wametuambia vioo vyote vya vituo vya afya alivyoviacha Thobias vinafanya kazi, watu wanaitwa kwa zamu zao, na tunawashukuru wakwe zetu wa Karagwe waliosafiri mbali hivi na kuketi leo pamoja na Mzee, viti vyote vikiwa na watu. Na baba mdogo Bartolomayo, uliyetembea njia ile mara tatu, ukoo unasema asante.

Kaka, tumebaki na ombi moja kwako, Mzee ameniagiza nilitamke mara tatu, kwa desturi yetu, na baada ya mara ya tatu sote tunyamaze tusingoje kitu, kwa desturi yako.

Pumzika kwa amani.

Pumzika kwa amani.

Pumzika kwa amani.