Baada ya "Nzuri" Kuna "Ila"

Mgeni rasmi, mhandisi mkuu wa mradi wa simu inayozungumza. Mwenyekiti wa kijiji. Wazee wetu, shikamooni.

KARIBU

Karibu Kwamsisi, na pole kwa vumbi la njiani. Anayesoma ni Fatu, katibu wetu. Sauti ikimkatika, mtuvumilie.

TULIKOTOKA

Mwaka jana simu yenu ilianza kutupigia kila Jumanne kutujulia hali sisi wajawazito. Kiswahili chake safi, haichoki, haigombi. Tukaiita Dada Jumanne. Wanne kati yetu iliwakumbusha kliniki mpaka wakajifungua salama, na hilo hatulifichi.

YALIYOTUKUTA

Munira, huyu aliyekaa mstari wa mbele, alikuwa anapukuchua mahindi simu ilipoita. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu jana yake, miguu imevimba, macho yanaona nyota. Akashukuru Mungu: Dada kapiga, sasa atamwambia.

"Habari yako, mama?"

"Nzuri, ila..."

"Asante. Tumefurahi kusikia hivyo. Kunywa maji mengi."

Ikakata.

Jamani! Nani hapa hutaja ugonjwa kabla ya kuitikia salamu? Munira akaiweka simu chini. Akajiambia, labda wataalamu wameshaona si kitu. Akarudi kwenye mahindi yake. Jioni kifafa cha mimba kikamwangusha. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Muuguzi alipofungua orodha yenu, jina la Munira lilikuwa na alama ya kijani: "Hali nzuri." 

Jumanne iliyofuata ikapiga tena. "Hongera, mama! Mimba yako imetimiza wiki thelathini na mbili. Habari yako?"

Munira akajibu, "Nzuri."

TUNACHOOMBA

Tunasikia huko mnatafiti namna mashine inavyopaswa kumsikiliza mtu. Njooni mtafiti jamvini kwetu kabla ya kutengeneza, si baada ya sisi kuzika. Simu isubiri. Tukisema "nzuri", iulize tena, na anayeumwa aunganishwe na mtu mwenye roho. Wenzetu kumi na mmoja watapigiwa kesho.

Mungu akurudishe salama kwa wanao, na azidi kuwalinda.

Mgeni rasmi, sasa hivi utainuka utusalimie, nasi tutakuitikia "nzuri". Tafadhali, usiketi upesi.

Ni sisi,
Kikundi cha Wajawazito na Wanyonyeshao, Kwamsisi, pamoja na Munira