Kipande cha Leso Kwenye Mguu wa Kitanda

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi hii tunamkumbuka Mbeyu Thoya. Mbeyu, mlezi wa wazee. Alifariki Jumanne iliyopita, mwaka huu wa 1967, katika makao yale yale ya wazee, karibu na Makupa, alimofanya kazi miaka sita.

Mbeyu alipoingia, walezi walikuwa hawakai. Mwezi huu wapo, mwezi ujao hawapo. Si kwamba walikimbia mikojo na vidonda. Kila Jumatatu msimamizi aliwahamisha vyumba, ati wasizoeane na wazee wakapewa vitu. Mlezi hajajua nani humeza vipi, keshahamishwa. Mzee Muhdhar alikuwa hawezi kumeza akilala. Mlezi mgeni akamnywesha uji bila kumkalisha. Mzee akapaliwa, akafa mikononi mwake. Msichana yule alitoka viatu mkononi, hakurudi tena.

Mbeyu ndiye aliyetandua kile kitanda. Kisha akaenda kwa msimamizi, akaomba kila mlezi awe na wazee wake, asihamishwe. Msimamizi akacheka, akampa miezi mitatu ya kujaribu. Mbeyu akachana leso yake, akafunga kipande kwenye mguu wa kila kitanda cha wazee wake sita, kiwe alama yake. Wenziwe wakamtania kuwa anafunga mbuzi. Haukupita muda, nao wakachana zao, na msimamizi akauacha utaratibu uendelee.

Mwanakuu, mlezi mwenzake, anasema siku moja alichoka, akafunga virago. Akaenda kufungua kitambaa chake kitandani kwa Bi Tumu, aliyekuwa haoni. Bi Tumu akaushika mkono wake.

"Fungua, mwanangu. Lakini nambie kwanza, kesho nimwite nani?"

Mwanakuu hakufungua. Alikaa miaka minne. Nasema tena, miaka minne. Na mwaka wote wa kwanza wa vitambaa aliondoka mlezi mmoja tu, naye alikwenda kuolewa.

Mwaka jana akaja msimamizi mpya. Vitambaa akaviona uchafu, akavikata kwa makasi. Uhamisho wa Jumatatu ukarudi. Katika miezi miwili wakaondoka walezi saba, Mwanakuu mmoja wao. Mbeyu akabaki. Kakake, Kazungu, anasema alimsihi atoke.

"Akanijibu, 'Kaka, nikitoka mimi, nani atajua kuwa Bi Tumu hunywa chai iliyopoa?'"

Mwezi uliopita Mbeyu akapooza upande mmoja, na ulimi ukafungika. Akalazwa humo humo. Jumanne Kazungu alimkuta keshakata roho, midomo imekauka, kikombe kiko mbali na mkono wake mzima. Akauliza nani alikuwa naye. Walezi watano walisimama pale. Kila mmoja akasema si zamu yake. Mmoja akauliza marehemu alikuwa akiitwa nani.

Alikuwa akiitwa Mbeyu. Mbeyu Thoya.

Kazungu, na jamaa wote wa marehemu, poleni sana. Nanyi wasikilizaji mlio na mzee makaoni, nendeni leo. Mwulizeni jina la anayemlisha. Akinyamaza, msiondoke.